Jinsi ya kupima faiba inayojiponya kwa ndoo ya maji, tunavyofanya Kibirizi

Wakuu, mi ni fundi wa boti za faiba (nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini, gundi inayoganda ikawa ngumu) hapa Kigoma, karakana iko jirani na mwalo wa Kibirizi, na leo nataka niwaelekeze jinsi ya kujua kama faiba "inayojiponya", yaani inayoziba ufa wake yenyewe au ikipashwa joto, inarudisha nguvu kweli au inarudisha sura tu, maana hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na ziwani tofauti yake unaiona ukiwa mbali na nchi kavu.

Ilianza hivi. Nililetewa boti imegonga jiwe upande wa Katonga, kwa nje ina alama nyeupe saizi ya sarafu ya mia mbili, mwenyewe akasema pakaa rangi tu nirudi kwenye dagaa. Nikachukua sarafu nikaanza kugonga taratibu kuanzia mbali, kigumu kinalia tii tii halafu nikifika pale sauti inakuwa nzito kama unagonga kadibodi, na eneo lenye sauti hiyo lilikuwa kubwa kama sinia! Ndo faiba inavyokufa hiyo, matabaka yanaachana kwa ndani huku nyuzi bado nzima, kila wimbi linapanua kidogo, siku moja nyuzi zinakatika. Gongeni boti zenu kabla ya msimu wa upepo wa kusi, haichukui hata nusu saa.

Sasa hapo kwenye kuachana ndo kujiponya kunakoingia. Mwaka 2001 Scott White na wenzake Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliweka ndani ya epoksi, aina ya rezini, vidonge vidogo kama chembe za chumvi vyenye dawa ya maji, ufa ukipita unavipasua, dawa inamwagika, inakutana na kichocheo kilichochanganywa humo humo na inaganda. Walirudisha hadi asilimia 75 ya ukinzani dhidi ya ufa. Lakini kidonge kikipasuka kimeisha, ufa ukirudi palepale hakuna dawa. Njia nyingine ni kuweka kati ya matabaka plastiki inayoyeyuka kwa joto, ukiipasha inatiririka kwenye ufa na ikipoa inashika tena, na mwaka 2022 timu ya Chuo Kikuu cha North Carolina State ilionyesha mfano wa hiyo ukiponywa mara 100. Vidonge hatuna, ila wazo la pili tunaweza kulijaribu kwa gundi ya fimbo, zile fimbo nyeupe za kuyeyusha zinazouzwa maduka ya vifaa. Sio plastiki ileile waliyotumia wao, kwaiyo msiitie kwenye boti, hii ni ya kujifunzia kupima.

Tengeneza bapa la mati (mkeka wa nyuzi za kioo) ya gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka sita, upana wa kutosha kukata vipande kama kumi vya sentimita 2.5 kwa 20. Rezini ya poliesta tumia mara mbili mpaka mbili na nusu ya uzito wa mati, hadina, dawa ya kugandisha rezini, kwa joto letu asilimia 1 inatosha, yaani gramu 10 kwa kilo. Hapa naomba mnisikilize, hadina ikiingia jichoni inaweza kukupofusha, vaa miwani, na kama una koboti ya kuharakisha USIICHANGANYE moja kwa moja na hadina, inalipuka. Changanya koboti kwenye rezini kwanza mpaka iishe ndo uje na hadina.

Ukimaliza tabaka la tatu weka upande mmoja karatasi ya kuokea keki iingie ndani sentimita 6, huo ndo ufa wako wa kuanzia. Mi mwanzo nilitumia mfuko wa nailoni, kwenye kupasha ukayeyuka ukashikana na vipimo vyote vya wiki ile nikavitupa. Mbele ya karatasi, kwa nusu moja ya bapa tu, panga vijiti vya gundi uliyoibapaza iwe nyembamba chini ya milimita moja, upana milimita tatu, kila baada ya sentimita moja. Nusu nyingine usiweke kitu. Malizia matabaka matatu ya juu, toa hewa kwa rola, acha ikauke siku kadhaa. Kukata na msumeno vaa barakoa, vumbi la kioo halina urafiki na mapafu.

Kupima sasa. Kwenye ncha yenye karatasi funga bawaba ndogo mbili kwa nati na bolti, moja juu moja chini, ya juu ining'inize kwenye boriti, ya chini ining'inize ndoo. Ubavu wa kipande upake chokaa na uchore mistari kila sentimita ili uone ufa unapotembea. Mimina maji polepole kwa chupa, lita moja ni kilo moja, ongeza na uzito wa ndoo tupu. Ndoo iwe juu ya sakafu kama sentimita 2 tu, hii ni siri ya kazi nzima, maana uzito ukishaanzisha ufa haukuachi, unakimbia mpaka mwisho na kipande kinakuwa viwili, ila ndoo ikigusa chini ufa unasimama na kipande bado unacho. Andika kilo zilizokuwepo ufa ulipoanza kusogea.

Kuponya, kibane kati ya vipande viwili vya bati, tofali juu, kwenye oveni ya umeme nyuzi 120 nusu saa, nje ya nyumba kwa sababu ya harufu. Usikiguse kikiwa cha moto, rezini kwenye joto hilo inalegea na ukikipinda kinabaki hivyo, acha kipoe na tofali lake. Kisha rudia ndoo. Kama mwanzo kilifunguka kwa kilo 6 na sasa kilo 4, umerudisha theluthi mbili.

Ila usishangilie bado. Vipande visivyo na gundi navyo vipashe vilevile na uvipime, kama navyo "vimepona" basi kuna kitu umekosea, ufa mtupu hauwezi kujishika. Halafu linganisha kilo za mwanzo kabisa, chenye gundi na kisicho nayo, maana kitu laini katikati ya matabaka kinaweza kukupunguzia nguvu kabla hata ya ajali, na mtu anayekusifia uponyaji bila kukwambia hilo hajakwambia nusu ya habari. Rudia kuponya kipande kilekile mara tano au kumi uone kilo zinavyoshuka. Vingine viloweke kwenye debe la maji ya ziwa mwezi mzima kabla ya kupima, vingine viweke juani juu ya bati, kwa sababu boti yetu haiishi kwenye oveni.

Na uzi uliokatika haurudi, hakuna gundi wala kidonge kinachounga uzi wa kioo. Ukiona nyuzi zimekatika chukua grainda, kwangua mteremko wa mara 12 ya unene kila upande, boti ya milimita 6 ni kama sentimita 7, ujenge matabaka upya pale. Ile ya Katonga tuliifanya hivyo hivyo, tukaondoa sinia lote lililoachana sio sarafu tu, mwenye boti alinung'unika siku tatu za kusubiri, ila kabla hajaishusha majini nilimpa sarafu agonge mwenyewe, akagonga upande mpya, akagonga wa zamani, akarudia tena, ikalia tii tii kotekote.