Mzamiaji wa chupa: kichezeo cha kufundishia hewa, maji na kuelea

Vifaa ni vitatu: chupa ya plastiki laini ya lita 1 hadi 1.5 yenye kizibo kinachokaza, kifuniko cha kalamu, na plastisini (udongo laini wa kufinyangia) kidogo. Chagua kifuniko kinachopitisha mwanga. Hili usilipuuze, kwa sababu somo lote limo ndani ya kiputo cha hewa, na mtoto asipokiona ataondoka na mazingaombwe tu.

Vifuniko vingi vya kalamu vina kitundu nchani. Kizibe kwa plastisini na ubonyeze hadi ishike. Donge jingine, ukubwa wa punje ya mahindi, libandike upande wa mdomo ulio wazi, bila kuuziba mdomo wenyewe. Uzito ukikaa chini, kifuniko huelea wima. Ukikaa juu, hupinduka na hewa yote hutoka.

Usikitumbukize kwenye chupa bado. Kijaribu kwanza kwenye glasi ya maji, mdomo ukiangalia chini. Kinatakiwa kielee huku ncha tu, kama milimita 2 au 3, ikichungulia juu ya maji. Kikisimama juu zaidi ya hapo, ongeza plastisini, kikizama, punguza. Ongeza na kupunguza kwa vipande vidogo kama kichwa cha pini. Watu wazima wengi hukosa subira hapa na kumnyang'anya mtoto kazi. Mwache arekebishe mwenyewe, hata akijaribu mara saba, maana vidole vyake ndivyo vinavyopima mpaka kati ya kuelea na kuzama.

Sasa jaza chupa maji hadi pomoni, tumbukiza mzamiaji, yaani kile kifuniko chenye plastisini, mdomo ukiangalia chini, kisha kaza kizibo. Ukibinya chupa kwa viganja, anashuka. Ukiachia, anapanda.

Kabla mtoto hajabinya, muulize: maji yaliyomo ndani ya kifuniko yatapanda, yatashuka, au yatabaki palepale? Akishajibu, abinye taratibu huku jicho lake likiwa usawa wa kiputo. Ataona maji yakipanda ndani na hewa ikisinyaa. Maji hayashindiliki kwa nguvu za mkono, lakini hewa hushindilika. Mwitaliano Raffaello Magiotti alieleza kifaa cha aina hii mwaka 1648 akionyesha jinsi maji yanavyokataa kushindiliwa. Kanieneo, yaani mgandamizo, ya mkono husambaa kwenye maji yote, husukuma maji kuingia kwenye kifuniko, na kiputo kikisinyaa mzamiaji huondoa maji machache zaidi. Kwa kanuni ya Archimedes, kitu husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa. Plastisini ni ileile, kifuniko ni kilekile. Msukumo ndio uliopungua.

Mzamiaji akigoma kuzama hata ukibinya kwa nguvu zote, tazama chini ya kizibo: hewa iliyobaki pale ndiyo inayobanwa kwanza. Ongeza maji yafurike. Kama hakuna hewa, mzamiaji ni mwepesi mno. Akizama mwenyewe baada ya muda, mara nyingi kitundu cha nchani kinavuja. Na akizidi kuelea baada ya saa kadhaa, huenda viputo vidogo kutoka kwenye maji vimemganda nje. Gonga chupa vibanduke.

Tatizo moja lina elimu kubwa ndani yake: mzamiaji anashuka, unaachia, naye anabaki chini. Kila mita 10 za maji huongeza kanieneo inayokaribia ile ya angahewa. Kwenye chupa ya sentimita 30 nyongeza hiyo ni kama asilimia 3, lakini kwa mzamiaji aliyerekebishwa ukingoni kabisa inatosha kukinyima kiputo nafasi ya kutanuka. Punguza plastisini kidogo.

Kwa mtoto aliyeshaelewa, weka wazamiaji wawili wenye plastisini tofauti, atabiri nani atatangulia. Kisha ajaribu kumsimamisha mmoja katikati ya chupa. Mkono hautatulia: akishuka kidogo, maji ya juu yake huongezeka, kiputo husinyaa, naye huzidi kushuka; akipanda kidogo, mambo hugeuka.

Watoto wa chini ya miaka 3 wasiachiwe kifuniko wala plastisini, kwa kuwa huweza kuwapalia.