Kabla hujaingiza mkono kwenye jenereta bovu, zingatia haya

Naandika hii kwa fundi anayeanza, na pia kwa wewe mwenye jenereta unayejua kushika spana kidogo na unaona kumuita fundi ni kutupa hela. Kazi hii nimeifanya miaka mingi hapa Dar, kuanzia vijenereta vya saluni vya kuvuta kamba mpaka mashine za KVA 500 (KVA ndo kipimo cha ukubwa wa jenereta) za maghorofa, na damu nimeiona. Kwa hiyo soma yote usiruke.

Kwa nini sasa hivi? Kwa sababu tangu mashine za Bwawa la Nyerere zianze kuingia kwenye gridi mwaka 2024, ile ya kwanza mwezi wa pili, mgao umepungua na jenereta nyingi mjini zimekaa tu, zinawashwa dakika tano kwa wiki au haziwashwi kabisa. Betri inakufa kimya kimya, dizeli inazeeka kwenye tenki, panya wanatafuna waya, halafu siku umeme ukikatika masaa matatu kila mtu lake linagoma kwa wakati mmoja na simu ya fundi haipumziki. Hapo ndipo watu wanaumia. Mteja anakupigia kelele samaki wake wanaoza kwenye friza, na wewe unarukia mashine bila kufikiri.

Anza kwa kuuliza. Kabla ya bolti hata moja, mtafute aliyekuwepo jenereta ilipozima, mara nyingi ni mlinzi, na umuulize kwa heshima, maana akihisi unatafuta wa kumbebesha lawama atakwambia tu "ilizima yenyewe". Swali kubwa ni hili: ilikufa ghafla kama mtu kazima funguo, au mlio ulikuwa unapanda na kushuka ndo ikafa? Ya kupanda na kushuka nenda kwenye mafuta, filta imeziba, inavuta hewa, au tenki limekauka. Ya ghafla nenda kwenye umeme wake na ulinzi wake, solenoidi ya kuzimia (ile inayokata mafuta injini izime), sensa ya presha ya oili, sensa ya joto. Na ukiambiwa iligonga chuma kabla ya kuzima, usipige stata kabisa, chomoa kwanza kijiti cha oili. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa imepita alama ya juu na inanuka dizeli, kuna nozeli au pampu inamwagia mafuta chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, na ukiwasha hivyo hivyo unaua beringi mwenyewe kwa mkono wako.

Mavazi: viatu vigumu, hamna pete, hamna saa, hamna shati linalopepea. Tochi ya kichwani. Mtungi wa kuzimia moto, wa unga au wa gesi ya kaboni, uwe mlangoni sio chumba cha pili. Namba ya zimamoto ni 114, iandike ukutani.

Moshi: kama mashine ipo kwenye chumba, fungua kila kinachofunguka kabla ya kuijaribu. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye ekzosti haina harufu wala rangi, kichwa kinaanza kuuma, unalegea, unakaa chini kidogo upumzike na ndo basi. Vijenereta vidogo vya petroli ndo vibaya zaidi kwa hili, usiweke barazani wala koridoni hata kama unaogopa wezi.

Redieta: usifungue kepu ikiwa ya moto. Ile kepu inashikilia presha, maji ndani yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, ukiizungusha tu yanalipuka yote usoni kwako. Subiri mpaka uweze kushika redieta kwa kiganja na kukiacha pale.

Sasa nakuja kwenye ile ambayo ningeomba kila fundi Dar aijue, na ndo imenifanya niandike.

Mwishoni mwa 2023, kipindi kile cha mgao, niliitwa kwenye jengo moja la ofisi maeneo ya Mikocheni. Mashine ya KVA 100, silinda sita, feni belti zinapiga kelele kila ikiwaka. Kazi ndogo, ya saa moja. Nilikuwa na dogo niliyekuwa namfundisha, miaka 22, mkono mwepesi, anashika haraka kuliko wote niliowahi kuwa nao. Nikageuza swichi ya paneli kutoka Auto, ambapo mashine inajiwasha yenyewe umeme ukikatika, kwenda Off, tukafungua kava la belti, nikamwambia alegeze olteneta atoe za zamani, mimi nikaenda kwenye gari kuchukua mpya. Basi. Hicho ndo kilikuwa kinga yetu yote, swichi.

Sikujua kwamba wiki moja kabla, mlinzi wa pale alikuwa amefokewa vibaya. Umeme ulikatika, paneli ikakutwa ipo Off, jengo likakaa gizani, na akaambiwa kila akipita ahakikishe ipo Auto, ikirudia hana kazi. Kwa hiyo kwenye raundi yake akapita, akaona Off, akaigeuza Auto, akaondoka. Dogo alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa mashine, mbele kwenye feni, hakuonana naye. Mashine ilikuwa kimya, kila kitu kilionekana shwari.

Saa tisa kasoro mchana nipo kwenye buti la gari nimeshika belti mbili mpya, nikasikia viyoyozi vya jengo lote vimenyamaza kwa pamoja. Unaujua ule ukimya. Nilielewa palepale, nikaanza kukimbia napiga kelele "toa mkono! toa mkono!" lakini paneli ikiona umeme umekatika inasubiri sekunde chache tu halafu inaita stata, na mimi nilikuwa mbali kuliko zile sekunde. Injini ya dizeli yenye joto inadaka mara moja. Nilipofika nimeshika kile kitufe chekundu cha dharura, vidole viwili vya mkono wake wa kulia, cha kati na cha pete, vilikuwa vimeshapita kati ya belti na puli.

Tulimpeleka hospitali na bajaji maana gari langu lilikuwa limezibwa na lori la maji. Hakulia njiani, alikuwa anauliza tu, "kaka, vitaunga?" Havikuunga. Mama yake alikuja jioni kutoka Mbagala, hakunigombeza, alikaa kwenye benchi akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulikuwa wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa na mpaka leo sina. Dogo sasa anauza filta kwenye duka moja la spea maeneo ya Gerezani, ananichagulia vitu vizuri nikienda, lakini spana ndogo hawezi kuishika vizuri tena.

Mlinzi simlaumu, alifanya alichoambiwa. Kosa ni langu, kwa sababu niliacha betri imefungwa. Spana moja, namba 13 au namba 10, nusu dakika ya kazi, ndo ilikuwa inatosha.

Kwa hiyo sikiliza utaratibu, na usinambie kazi ni ndogo. Weka swichi Off. Bonyeza kitufe cha dharura kibaki chini. Fungua waya wa hasi wa betri, hasi ndo unaanza nao, kwa sababu ukianza na chanya spana yako ikagusa chesisi itapiga shoti hapohapo na betri inaweza kukulipukia na tindikali yake. Kichwa cha ule waya kifunge kitambaa kikae mbali, kisirudi chenyewe. Mashine kubwa zina betri mbili au nne, hakikisha zote zimekatwa kweli, na kama inawashwa kwa hewa basi funga valvu na utoe presha yote. Halafu fanya kitu ambacho watu wengi hawafanyi: geuza swichi Manyu (ya kuwasha kwa mkono), bonyeza stata. Isiposema kitu, rudisha Off. Ukiijaribu hivyo unakuwa umehakikisha kwa masikio yako.

Baada ya hapo mlango wa paneli upige kofuli na ufunguo ukae mfukoni kwako, sio kwa mlinzi. Chukua boksi na maka peni andika kwa herufi kubwa MTU YUPO KWENYE MASHINE USIGUSE, na namba yako ya simu. Mwambie mlinzi, mwambie msimamizi, na zamu ikibadilika mwambie anayeingia. Kwenye mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme hili ni jambo la kila siku, kila mtu anayeingia kazini anaweka kofuli lake mwenyewe na mashine haiwaki mpaka la mwisho litoke. Kama wenye mtambo wa megawati mia wanafanya, wewe wa KVA 20 unajiona nani?

Na usidanganyike kwamba betri ikitoka umeme umeisha. Chaja ya betri na hita ya injini zinakula umeme wa gridi, na kwenye boksi la chenjiova, lile la kuhamisha jengo kati ya gridi na jenereta, upande mmoja una volti 400 muda wote hata jenereta ikiwa imekufa. Pima na testa kabla ya kugusa, kila mara.

Mafuta: toa kidogo chini ya tenki weka kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, iache dakika kumi. Kama kuna maji utaona mstari, dizeli juu na maji chini, na Dar kwa joto hili na unyevu, tenki lililokaa nusu miezi sita halikosi. Osha tenki kwanza ndo ubadilishe filta, ukifanya kinyume umenunua filta bure.

Kuvuja kwenye paipu za nozeli usitafute kwa kidole. Presha pale inapitisha dizeli ndani ya ngozi na unaona kitobo kidogo kama cha sindano, hakiumi sana, kesho mkono umevimba. Tafuta kwa kipande cha boksi. Ikikuchoma nenda hospitali siku hiyohiyo, na uwaeleze ni dizeli ya presha sio kidonda cha kawaida.

Mtetemo usiuzoee. "Huwa inatetemeka hivyo" ndo sentensi mbaya kuliko zote kwenye kazi hii. Tarehe 17 Agosti 2009 kule Urusi, kwenye kituo cha umeme wa maji cha Sayano-Shushenskaya, kikubwa cha megawati 6,400, mtambo namba 2 uling'olewa na nguvu ya maji watu 75 wakafa. Mtetemo wake ulikuwa umepita kiwango kabla ya siku ile, na bolti za kifuniko zilipochunguzwa nyingi zilikuwa na nyufa za chuma kuchoka. Ya kwako haina maji ya bwawa lakini ina feni, ina kapilingi, ina mipira ya mautingi inayopasuka. Pitia bolti zote na spana, usiziangalie tu kwa macho.

Spea: nenda Gerezani na kile cha zamani mkononi, sio picha ya simu. Belti badilisha zote kwa pamoja, mpya na ya zamani hazivuti sawa.

Kuwasha mara ya kwanza baada ya kazi, breka (swichi kuu ya kupeleka umeme kwenye jengo) iwe chini, yaani imezimwa, na mtu asimame kwenye kitufe cha dharura. Kama uligusa pampu au tabo (ile feni ya ekzosti inayosukumia injini hewa), weka ubao karibu wa kuziba njia ya hewa, kwa sababu injini ikianza kunywa oili yake yenyewe mzunguko unapaa na kukata mafuta hakuizimi, unaizima kwa kuinyima hewa, na sio kwa kiganja wala tambara. Soma mita kabla ya kupandisha breka: Hezi 50 au zaidi kidogo ikiwa haina mzigo, volti 400 fezi kwa fezi, 230 kwa nyutro. Na nyie wa majumbani mnaochomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi mbili, acheni leo, ule umeme unapanda mpaka kwenye nguzo na kuna fundi wa TANESCO yupo juu anaamini laini imekufa.

Usifanye kazi hii usiku peke yako. Usifanye umekunywa, usifanye na njaa ya kutwa nzima, usifanye mvua ikipiga kwenye kibanda kinachovuja. Watoto na watazamaji watoke. Mteja akikuharakisha mpe kiti akae. Na betri iwe kitu cha mwisho kabisa kurudi, chanya kwanza halafu hasi, uwe umeshahesabu spana zako zote, na umeshamuona kwa macho yako kila mtu uliyekuja naye, amesimama nje ya mashine, mikono yote miwili unaiona.