Sanitaiza wodini: paka unapoingia, usisubiri kutoka

Nililala wodini hapa Moshi siku 11 namuuguza mama, alikuwa kafanyiwa upasuaji, na kwa kuwa mhudumu wa mgonjwa hana kazi nyingi zaidi ya kukaa na kuangalia, nikawa naangalia mikono ya watu. Mgeni katoka zake Himo, kwenye daladala kashika chuma, kapokea chenji ya konda, kabeba hotpoti la mtori, akifika tu anamshika mama mkono, anamgusa paji la uso, anamwekea mto vizuri, anakaa nusu saa, halafu wakati wa kuondoka ndo anaikumbuka sanitaiza ya pale mlangoni anajipaka mpaka kwenye kiwiko. Yaani kajikinga na mgonjwa, ila mgonjwa hamna aliyemkinga na daladala.

Kwa hiyo cha kwanza ni muda. Unapaka kabla hujamgusa mgonjwa, hata kama ulishapaka getini, maana toka getini mpaka kitandani umeshika simu, mlango na reli ya ngazi. Ukimaliza kumshika unapaka tena, na hata kama hukumgusa ila umeshika kitanda, shuka au kile kikabati chake, paka, vijidudu vya wodini vinakaa sana kwenye hivyo vitu. Shirika la Afya Duniani wana nyakati tano walizoziweka kwa ajili ya wahudumu wa afya, hizo ni tatu, mbili zilizobaki ni kabla ya kazi inayotaka usafi kama kufunga kidonda au kugusa kanula (kile kimrija cha dripu kilichochomekwa kwenye mshipa), na baada ya kugusa damu, mkojo au majimaji yoyote ya mwili. Na glovu haiondoi habari ya sanitaiza, unapaka kabla ya kuvaa na ukishavua.

Sasa namna ya kupaka, hapa ndo tunaharibu wengi. Tone moja la kufikicha kwenye viganja kama unapaka losheni halisaidii. Jaza kiganja, vua pete, halafu sugua viganja, geuza sugua mgongo wa mkono huu na ule, pitisha katikati ya vidole, zungushia dole gumba (hili linasahaulika kweli na ndo tunalolitumia kushika kila kitu), malizia kwa kusugua ncha za vidole na kucha kwenye kiganja. Yote inachukua sekunde 20 mpaka 30 na mikono inatakiwa ikauke yenyewe. Ukijifuta kwenye kitenge au suruali ikiwa bado mbichi umeshaiondoa dawa kabla haijafanya kazi. Kama una kucha za kubandika, pole, chini yake hakufikiki.

Ukinunua angalia lebo, alkoholi iwe asilimia 60 au zaidi. Watu wanadhani ikiwa asilimia 100 ndo kali zaidi, hapana, inahitaji maji kidogo ndo iharibu protini za kijidudu vizuri. Lakini msije mkaanza kuongeza maji wenyewe ili chupa ifike mwisho wa mwezi, mi nilishauziwa duka moja sanitaiza nyepesi kama maji ya bomba, haina harufu, lebo haina asilimia, niliitupa. Na wale wa kusema "kwani konyagi si nayo ni alkoholi?", pombe kali za dukani nyingi ziko asilimia 35 mpaka 40, haitoshi, kunyweni tu. Za kuchanganya mtaani ziogopeni zaidi, zikiwa na methanoli ni sumu.

Kuna sehemu sanitaiza inashindwa kabisa. Mikono ikiwa na uchafu wa kuonekana, mafuta ya nyama choma, udongo wa shamba, damu, nenda kwenye bomba na sabuni sekunde 40 mpaka 60. Umetoka chooni, sabuni. Mgonjwa anaharisha, sabuni na maji kila mara, kuna virusi na vijidudu vya kuharisha ambavyo alkoholi haiviwezi vizuri. Wodi zingine maji yanakatika, sisi tulikuwa na dumu la lita 5 chini ya kitanda na kopo la kumiminia, likatusaidia sana.

Ugumu mwingine ni wazee wetu. Shangazi kaja kutoka Marangu, kanyoosha mkono, huwezi kumwambia mikono yako michafu, utasemwa mpaka kwenye kikao cha ukoo. Mi nilikuwa nasimama mlangoni na chupa ya pampu, "shikamoo shangazi, karibu, lete mikono nikuwekee dawa", namimina kama ninavyomnawisha maji ya kula, anafurahi kabisa. Na sista akija na dripu anatoka kitanda kingine, nilikuwa namwambia kwa upole, "sista samahani, tupake kwanza wote", napaka na mimi. Mmoja tu ndo alininunia.

Chupa weka mbali na watoto wasinywe, na mbali na moto, mikono ikauke kwanza ndo uwashe jiko la gesi. Ikiingia machoni suuza na maji mengi, na usipake kwenye kidonda, inawasha kama pilipili.