Vigae vya Victoria kwenye meko: angalia mgongo kabla ya sura

Kama unakaa Uingereza kwenye nyumba ya enzi za Malkia Victoria (1837 mpaka 1901), au we ni fundi umepewa kazi humo, sebuleni utakuta ile meko ya chuma ya kuotea moto ina vigae vya maua pande zote mbili, na kimoja au viwili vimepasuka. Usikimbilie vipya vya dukani, tafuta vya kale kwenye yadi zinazouza mabaki ya nyumba zilizobomolewa, au minada ya mtandaoni.

Seti kamili kwa kawaida ni vigae 10, vitano kila upande, kila kimoja inchi 6 kwa 6. Ila pima mwenyewe hadi milimita, na unene pia, maana vya kale ni vinene na kikizidi kidogo tu hakiingii kwenye fremu ya chuma ya meko.

Sasa muuzaji atakuonyesha sura, we geuza. Mgongoni ndo kuna ukweli wote. Utaona jina la kiwanda, labda Minton Hollins wa Stoke-on-Trent au Maw & Co wa kule Jackfield, na ukikuta alama yenye umbo la almasi basi mchoro ulisajiliwa kati ya 1842 na 1883, ukikuta Rd No (yaani namba ya usajili) ikifuatiwa na namba ujue ni 1884 kuja mbele. Kama mgongo ni msafi kabisa, hauna hata chembe ya plasta wala masizi, uliza maswali, huenda ni kopi. Vinyufa vidogo vidogo kama nywele kwenye rangi ya juu wala visikutishe, ni uzee tu, ila ufa unaotokea hadi nyuma achana nacho, moto utakimaliza.

Kusafisha: loweka kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, halafu kwangua plasta ya nyuma taratibu na kisu butu, kigae kikiwa kimelala juu ya taulo. Tafadhali usitumie asidi, inakula ule mng'ao na haurudi. Na usipige msasa, rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi (lead) ndani, vumbi lake ni sumu.

Kufunga sasa, hapa wengi huwa wanabandika kwa mbele kama bafuni, sivyo kabisa. Fremu inatolewa ukutani (ni nzito jamani, muwe wawili), inalazwa kifudifudi juu ya blanketi, vigae vinapangwa kwa nyuma halafu vinabanwa na vyuma na skrubu. Skrubu zikiwa na kutu mwagia mafuta uzipe muda, usizilazimishe. Kaza kwa vidole tu, acha nafasi kidogo maana vikipata joto vinatanuka, nyuma jazia plasta laini ya jipsamu na siyo saruji, kwa sababu saruji ikishashika, siku kimoja kikipasuka huwezi kukitoa bila kuvunja jirani zake. Plasta ikauke kabisa, ndo uwashe moto, na uanze na mdogo.