Unauza uanachama wa maisha? Andika ni maisha ya nani

Wenye tovuti Kenya mnaouza "lipa mara moja, tumia maisha", andikeni wazi kabla ya kitufe cha kulipia: ni muda wote mteja akiwa hai, au muda wote tovuti ikiwa hewani? Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inataka maneno ya mkataba yenye maana mbili yafasiriwe kwa faida ya mteja, na mteja atachagua ile ndefu.

Sheria hiyohiyo inataka anayenunua mtandaoni aonyeshwe masharti kabla ya kukubali, apate nafasi ya kusahihisha makosa au kukataa, kisha apewe nakala. Masharti ya herufi za sisimizi chini ya ukurasa hayatakuokoa.

Taja pia kitakachofuata ukifunga: notisi ya muda gani, na pesa zinarudishwa kwa hesabu ipi. Ukiuza tovuti, mkataba wa mauzo useme mnunuzi anawabeba wanachama hao, la sivyo watakurudia wewe. Mimi ningeweka kikomo cha idadi ya uanachama wa maisha ninaouza. Pesa huingia siku moja, gharama za seva hudai kila mwezi.