Jinsi ya kuandika simulizi ya mganga mpelelezi na mauaji ya mtu-fisi Dar, hatua kwa hatua

Naandika simulizi za kutuma sehemu kwa sehemu, za upelelezi zenye mambo ya giza ndani yake, na swali naloulizwa sana na waandishi wanaoanza ni hili: ukishampa mpelelezi uchawi si hadithi imeisha hapohapo, maana atapiga ramli aone muaji basi. Ni swali la msingi kabisa. Jibu langu ni moja na mwongozo wote huu umesimama juu yake: uchawi wa mpelelezi wako umpeleke kwenye ushahidi, usikae kwenye nafasi ya ushahidi. Ukiliacha hilo unaandika kitu kibaya zaidi ya hadithi mbovu, na huko mbele utaona kwanini nasema hivo.

Ntatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho. Mpelelezi ni Mzee Pazi, mganga wa Buguruni mwenye asili ya Kisarawe, na kesi ni maiti zinazookotwa bonde la Msimbazi zikiwa zimetafunwa, mji mzima unasema kuna mtu anageuka fisi.

Hatua ya 1: Jua nani kaua kabla hujaandika mstari wa kwanza

Chukua daftari andika kwa sentensi tatu: nani kaua, kwanini, na amefichaje. Alafu jibu swali la pili ambalo wengi wanaliruka, je kwenye dunia ya hadithi yako mtu-fisi yupo kweli au hayupo? Usilale nalo hilo, msomaji anajua ukiwa hujaamua.

Mimi kwenye mfano huu naamua hivi: yupo, ila sio yeye anayeua. Kuna binadamu wa kawaida anaua watu wenye madai kwenye kiwanja kimoja bondeni ili fidia ya kupisha mradi wa bonde ije kwake peke yake, na anajificha nyuma ya hofu ya fisi. Wazo hili halijatoka hewani. Miaka ya 1940 kule Singida kulikuwa na mauaji yaliyoitwa ya watu-simba, maiti zikikutwa na majeraha kama ya makucha, na serikali ya kikoloni ikapeleka watu mahakamani kwa kuua. Miaka hiyohiyo Njombe kulikuwa na simba wa kweli wanakula watu, na wananchi wakiamini wanatumwa na mganga anaitwa Matamula Mangera, mpaka George Rushby wa idara ya wanyamapori alipowawinda. Sasa ziweke kesi hizo mbili pamoja: moja mtu ndo anaua na anasingiziwa mnyama, nyingine mnyama kweli ila watu wanamtafuta mtu nyuma yake. Ukikaa katikati ya hizo mbili una hadithi ya kukupeleka sehemu hamsini bila kuishiwa.

Hatua ya 2: Msome fisi mpaka umjue

Hapa ndo pana utamu na hapa ndo wengi wanafanya haraka. Wazungu wana mbwa mwitu kwa sababu ndo aliyekuwa anawala mifugo na watoto vijijini kwao, sisi mnyama wa usiku, wa kupandwa na wachawi, ni fisi, na fisi ana mambo ambayo ukiyajua yanakuandikia hadithi yenyewe.

Jike la fisi madoa ni kubwa kuliko dume na ndilo linaloongoza kundi. Mji mzima unatafuta mwanaume, Mzee Pazi peke yake anajua kwamba kama kuna mtu-fisi mkubwa hapa mjini basi ni mwanamke. Kinyesi cha fisi kikikauka kinakuwa cheupe kwa sababu ya mifupa anayokula, kwahiyo mpelelezi anayejua kazi yake anazunguka machinjio ya Vingunguti asubuhi anatafuta vitu vyeupe kwenye majani, haanzi kuangalia angani.

Alafu nyayo. Fisi ana vidole vinne kila mguu na kucha hazirudi ndani, zinaonekana kwenye tope, tofauti na chui au simba ambaye anazificha akitembea. Na miguu ya mbele ya fisi ni mikubwa kuliko ya nyuma. Kwenye mfano wangu kesi yote inafunguka hapo, na naiandika polepole: Mzee Pazi anachuchumaa kwenye tope la mto, anavunja kijiti anapima unyayo wa kwanza, anakikata kwa ukucha pale unyayo ulipoishia. Anapima wa pili, sawa. Wa tatu, sawa. Anaenda mpaka wa kumi na kijiti kilekile kinalala palepale kila unyayo, hamna wa mbele hamna wa nyuma, zote saizi moja na zote ni za mguu wa kulia. Anakiweka kijiti mfukoni hasemi kitu. Msomaji mwenye akili ameshaelewa kwamba mtu ana mguu mmoja wa fisi mkononi anagonga nao kama muhuri, na yule ambaye hajaelewa atasubiri sehemu inayofuata na wote wawili umewashika.

Uchawi hapo uko wapi? Haupo, na hiyo sini ndo watu wataitumiana.

Hatua ya 3: Mganga apewe mipaka na gharama

Andika vitu vitatu anavyoweza na vitatu asivyoweza, alafu usiviguse tena mpaka mwisho. Mzee Pazi anapiga bao la mchanga, yaani ramli yake, anazindika nyumba, na anajua kama mahali pamewekwa kitu. Hawezi kuona sura, hawezi kusikia jina, hawezi kufufua wala kuuliza maiti. Bao linampa kitu kimoja tu kila mara: harufu, upande, au hali ya mahali, mfano "moshi wa plastiki, maji yako kushoto". Na kila akipiga bao anapoteza uwezo wa kunusa siku nzima. Ona hiyo gharama inavyombana, bao limemwambia afuate harufu na bao hilohilo limemnyima pua, kwahiyo inabidi amchukue mtu mwingine anuse kwa niaba yake, na huyo mtu ndo anakuwa msaidizi wake. Gharama isiwe "akachoka sana", kila mtu anachoka. Iwe inagusa kazi anayotaka kuifanya.

Kwanini nakataza bao lisitoe jina? Kwa sababu nchi hii tunajua jina likitoka kwenye bao kinafuata nini. Usukumani bibi wazee wameuawa kwa mapanga kisa macho mekundu, macho ambayo yameiva kwa moshi wa jikoni miaka na miaka. Watu wenye ualbino wameuawa. Januari 2015 serikali ikatangaza kupiga marufuku waganga wa ramli chonganishi, na kuna Sheria ya Uchawi tangu 1928 ambayo inafanya kumnyooshea mtu kidole kuwa mchawi liwe kosa. Sasa wewe mwandishi ukiweka bao linalotaja jina na jina likawa sahihi, umemfundisha msomaji wako kwamba ile njia inafanya kazi. Sitaki mkono wangu uwepo hapo, na nakuomba na wewe usiweke wako.

Na hapohapo umepata mvutano wa bure. Tangu sheria ya tiba asili ya 2002 kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga, kwahiyo Mzee Pazi ana cheti ukutani, na mtu akimripoti kwamba anapiga ramli anakipoteza. Polisi wanamhitaji na hawaruhusiwi kumhitaji. Hiyo ndo injini ya hadithi.

Hatua ya 4: Chora mji

Fungua ramani kwenye simu ufuate mto Msimbazi. Unaanzia vilima vya Pugu huko Kisarawe, unashuka katikati ya mji, Vingunguti, Kigogo, Jangwani, mpaka unamwaga baharini pale daraja la Salenda. Yaani msitu umeunganishwa na bahari kwa njia moja yenye majani na giza, inakatiza chini ya barabara kubwa na hamna mtu anayeitazama. Mnyama angeitumia. Muaji pia.

Kila maiti iweke alama kwenye hiyo ramani kabla hujaandika, na ujue anayeishi karibu ni nani, kuna taa au hamna, bodaboda wanapaki wapi, nyumba zipi zimebomolewa kupisha mradi wa bonde zikabaki kuta. Jangwani mto ukifurika mwendokasi inasimamishwa, basi itumie hiyo, usiku wa sehemu ya kumi na tano mji umekatika vipande viwili, mpelelezi upande huu, shahidi upande ule.

Kama unaandika Mwanza au Mombasa fanya vilevile na mji wako, ila tembea hizo sehemu kwa miguu mchana. Msomaji wa Kigogo anakujua kama hujawahi kufika Kigogo.

Hatua ya 5: Mwezi uwe na hesabu

Mwezi mpevu unachomoza jua linapozama, kwa Dar saa 12 na kitu jioni, alafu kila siku unachelewa kama dakika 50. Siku tatu baada ya kupevuka hauonekani mpaka karibu saa 3 usiku. Sasa shahidi anakaa kwenye benchi la kituoni anasema "nilimuona vizuri tu kwa mbalamwezi, saa moja na nusu", siku ya tatu baada ya mwezi mpevu. Amedanganya, na Mzee Pazi ambaye anahesabu tarehe za mwezi za Kiislamu kila siku anajua bila kufungua simu.

Pwani kuna cha ziada, bamvua. Mwezi ukipevuka au ukiandama maji ya bahari yanapanda na kushuka kwa nguvu, hapa Dar tofauti inapita mita 3, na siku hizo maji yanajaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni hivi. Kwahiyo mtu akikwambia usiku wa mwezi mpevu saa 4 aliona maiti inaelea chini ya Salenda, mpeleke kwa mvuvi yeyote amuulize: saa hiyo maji yamekupwa, pale ni tope na mikoko. Tengeneza jedwali dogo, tarehe, mwezi unachomoza saa ngapi, maji yanajaa saa ngapi, na kila tukio ulipange humo.

Hatua ya 6: Polisi na maiti

Fupi tu. Mpe Mzee Pazi mtu mmoja ndani ya jeshi, mmoja, wa ofisi ya upelelezi, mwenye cha kupoteza. Maiti iende Muhimbili, sampuli za vinasaba ziende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na majibu yachukue muda, yasirudi kabla ya chai. Kitu kimoja cha kitaalamu ukijue: jeraha la mtu aliyekuwa hai linavuja damu ndani ya nyama pembeni yake, jeraha lililofanywa baada ya kufa halina hiyo. Daktari akisema kwamba meno yote yamepita kwenye nyama ya mtu aliyekwishakufa, basi fisi alikula na hakuua.

Na mazungumzo yao yaandike kama watu wanavyoongea kweli. Hivi, huyo askari kampigia simu Mzee Pazi usiku:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona saa hizi?"

"Kuna mwingine. Bondeni huku, Kigogo."

"Mvua imemkuta au imempita?"

"Sijakuelewa."

"Chini yake pakavu au pamelowa?"

Kimya. Sauti za watu kwa mbali. "Pakavu."

"Basi alikuwa hapo kabla ya saa tano. Waambie vijana wasikanyage, nakuja na boda."

Hamna aliyesema yeye ni nani wala ana hasira kiasi gani, ila umeshajua nani anamheshimu nani na nani anajua kazi.

Hatua ya 7: Katikati, waue fisi

Simulizi nyingi zinakufa katikati. Dawa naichukua Ufaransa, Gévaudan, ambako kati ya 1764 na 1767 kuna mnyama aliua watu wengi mno. Mwaka 1765 mtu wa mfalme, François Antoine, akaua mbwa mwitu mkubwa, kazi ikatangazwa imeisha. Haikuisha, miezi michache baadaye watu wakaanza kufa tena mpaka Jean Chastel alipomuua mwingine 1767.

Kwahiyo sehemu ya ishirini, askari wanyamapori wampige risasi fisi wa kweli kule Pugu, mji ushangilie, picha zisambae, mkuu wa mkoa aje apige picha naye. Mzee Pazi aende aangalie miguu yake. Yote minne ipo.

Hatua ya 8: Kundi la watu

Kabla ya kumkamata muaji lazima mtaa umkamate asiyehusika. Ni bibi anayeishi peke yake kwenye ile nyumba iliyobaki kuta, na ndiye mtu-fisi wa kweli. Nimekwambia yupo. Hajaua mtu. Wananchi wamefika na matairi na Mzee Pazi anajua siri yake, akisema ukweli wote anamchoma, akidanganya anavunja kiapo cha kazi yake. Anachofanya ni kutoa kile kijiti mfukoni na kumuita kijana mwenye sauti kubwa kuliko wote aje apime nyayo mwenyewe, mbele ya watu, moja moja, kwa tochi ya simu. Iandike hiyo sini ndefu kuliko zote. Muaji mkamate kwa kurasa mbili, kwenye ofisi ya mambo ya fidia, ana mguu wa fisi uliokaushwa kwa chumvi kwenye droo, inatosha.

Hatua ya 9: Kata vipande na utume

Sehemu moja maneno 800 mpaka 1,000, msomaji anasoma kwenye daladala. Kata pale mtu amegundua kitu, sio pale amepiga kelele tu. Soma mazungumzo kwa sauti. Na kabla hujatuma sehemu ya kwanza wape watu wawili wasome: mmoja anayekaa karibu na huo mto, na mmoja aliyewahi kufiwa na ndugu kwa tuhuma za uchawi kama atakubali. Huyo wa pili akikwambia futa, futa.