Chatu mgeni nyumbani: atulie, ale, ndipo umshike

Kila anayeleta chatu nyumbani huniuliza, "Nitamshika lini?" Nami hujibu: akishakula mara mbili.

Namzungumzia chatu wa aina ndogo, kwa jina la kisayansi Python regius, ambaye asili yake ni kuanzia Senegal hadi Uganda na anafugwa sana Ulaya na Marekani. Hufika mita 1 hadi 1.5, na akiogopa hujiviringa kama mpira, kichwa akakificha katikati. Hang'ati ovyo, ila ni mwoga mno. Kama uko Kenya au Tanzania, pata kwanza kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Na usiokote nyoka porini hata siku moja: kwa asiyewajua, kifutu mchanga, ambaye ana sumu kali, na mtoto wa chatu hufanana.

Hatua ya 1: Makao yawe tayari kabla hajafika

Upande mmoja wa tangi la kioo atakamokaa uwe na joto la nyuzi 31 hadi 33, wa pili 25 hadi 27. Kifaa cha joto lazima kiwe na themostati (kidhibiti joto), la sivyo kitamuunguza tumbo. Weka maficho mawili, moja kila upande, tena yawe ya kumbana kidogo, maana hutulia akihisi kuta zinamgusa ubavuni. Ukiweka moja tu upande wa baridi, atajificha humo na kulikosa joto analohitaji ili chakula kisagike tumboni. Ongeza bakuli la maji, na tangi liwe na kifuniko chenye kufuli.

Hatua ya 2: Siku saba bila kumgusa

Badilisha maji, basi. Funika pande tatu za kioo kwa karatasi, na marafiki wanaotaka kumwona waje baadaye.

Hatua ya 3: Chakula kwanza

Mpe panya aliyegandishwa, ukishamyeyusha na kumpasha joto, asiwe mnene kuliko sehemu nene ya mwili wa nyoka. Mshike panya kwa koleo refu, usiku, taa zikiwa zimezimwa. Akikataa, mwondoe panya na ungoje wiki nyingine.

Chatu wangu wa kwanza nilimtoa jioni ileile aliyofika, akapita mikononi mwa watu wanne. Aligoma kula wiki saba. Hakuwa mgonjwa, nilimtisha mimi, na hadi leo linaniuma.

Hatua ya 4: Mkono wako

Baada ya mlo wa pili, subiri saa 48. Nawa mikono, kwa kuwa vidole vyenye harufu ya panya kwake ni chakula. Nyoka hana kope, kwa hiyo huwezi kujua kama amelala: mpapase ubavuni kwa karatasi iliyokunjwa, ajue kwamba hujaja na mlo. Kisha pitisha mkono kutoka pembeni, usimjie kwa juu, kwani mwewe huja hivyo. Mnyanyue kwa mikono miwili katikati ya mwili, bila kumkamata shingo.

Hapo tulia. Mwanzoni utahisi misuli imekaza kama kamba iliyovutwa. Baada ya dakika moja au mbili italegea, ulimi uanze kutoka polepole, naye atajizungusha kwenye kifundo cha mkono wako akitafuta joto. Dakika tano zinatosha. Mrudishe akiwa ametulia hivyo. Fanya mara mbili kwa wiki, ukiongeza muda kidogo kidogo hadi dakika ishirini.

Akikunja shingo kama herufi S au akipuliza pumzi kwa nguvu, usimguse, jaribu kesho. Macho yakiwa na ukungu wa buluu, anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri. Muache mpaka amalize.

Kila ukimrudisha, nawa tena kwa sabuni, watoto pia, kwa sababu nyoka mzima wa afya anaweza kubeba bakteria wa salmonela.